Mwaka Pamba Ilipolala Chumbani

Tulimzika Shija mwezi uliopita, nje kidogo ya Kagongwa, mchana wa jua kali. Nilikaa upande wa wazee, kwenye viti vya kukodi. Bwana mmoja nisiyemfahamu akawa anasimulia jinsi marehemu alivyowahi kuzuiwa getini pa kinu cha pamba kwa sababu ng'ombe wake hawakuwa na namba ya usajili. Watu walicheka, kwa kiasi, kama wanavyocheka kwenye msiba wa mtu aliyekula chumvi nyingi. Mtani mmoja wa ukoo akaongeza kwamba ng'ombe wale walifungwa miezi sita na mmoja akakata rufaa. Nami nilicheka. Hakuna aliyejua kwamba siku ile karatasi ilikuwa mkononi mwangu, kwamba mwandiko uliokuwa juu yake ulikuwa wangu, na kwamba Shija, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la nne, alikuwa ameniambia mapema nini cha kuandika.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na digrii ya uchumi ambayo niliibeba kama mtu anavyobeba yai kwenye basi. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Sukari, sabuni na mafuta ya taa vilipatikana kwa kibali au kwa kujuana, na neno lililotisha kuliko yote katika ofisi lilikuwa mhujumu. Nilikuwa mtu wa kufikiri sana. Kabla ya kumsalimu mkuu wangu asubuhi nilikuwa nimeshajiuliza kama salamu yangu itaonekana ya kujipendekeza, na nikishamsalimu nilijiuliza mpaka saa nne kwa nini alijibu vile. Mtu wa namna hiyo hakufaa kupewa kitabu cha hati na mhuri. Nilipewa vyote viwili. Shirika la umma lililonunua pamba yote ya kanda yetu lilinituma kutoka Shinyanga kwenda kijiji kimoja upande wa Ushirombo, nikachunguze kwa nini pamba ya vijiji vya magharibi haifiki kwenye kinu.

Jibu nililijua siku ya kwanza, kwa kumuuliza karani wa kituo cha kununulia, kijana mwenzangu aliyeitwa Petro. Hakukuwa na malori. Malori hayakuwapo kwa sababu hayakuwa na matairi, matairi hayakuwapo kwa sababu hakukuwa na fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitakiwa zitokane na pamba, ambayo ilikuwa imekaa pale ikisubiri malori. Niliuchora mduara huo kwenye daftari, nikaweka mishale, kisha nikakaa nao wiki tatu kama mtu anayetafuta mlango kwenye nyumba isiyo na mlango. Ghala la kituo lilikuwa limejaa hadi kwenye kenchi. Petro alikuwa amefunga ununuzi tangu mwisho wa Agosti, lakini kila asubuhi alifika, akaweka meza mbele ya mlango uliofungwa, akapanga kalamu zake mbili na kuketi. Nilipomuuliza anafanya nini pale, alisema yuko kazini.

Nilipangishiwa chumba kwa Mama Kulwa, mjane wa makamo aliyekuwa akiishi na mama mkwe wake. Mabinti zake pacha walikuwa wameshaolewa mbali. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu. Kimoja, kilichoongezwa na marehemu mumewe kabla hajafa, kilikuwa na bati, na hicho ndicho nilichopewa mimi, kwa kuwa mimi nilikuwa mtu wa serikali. Viwili vingine viliezekwa kwa nyasi zilizokwisha kuwa nyeusi kwa uzee, na vyote viwili vilijaa pamba. Sisemi kwamba palikuwa na magunia ya pamba ndani. Vilijaa, ukutani mpaka ukutani. Ukifungua mlango, weupe ulikuwa umesimama mbele yako kama mtu. Ile ilikuwa kazi ya mwaka mzima ya wanawake wawili: kulima, kupanda, kupalilia mara tatu, kunyunyizia dawa, kuchuma, kisha kukaa chini na kutenga safi na fifi, nyeupe huku na yenye madoa kule, punje kwa punje, kwa sababu karani akiona fifi kidogo katikati ya safi anarudisha mzigo wote. Pamba ikalala chumbani, wao wakalala jikoni, kwenye kibanda cha moshi. Bibi alikohoa. Kwa ukuta wa udongo nilimsikia akikohoa alfajiri, na nilimsikia Mama Kulwa akimwambia kwa Kisukuma jambo fupi, kila siku jambo lile lile. Kisukuma changu kilikuwa cha kuombea maji tu, hivyo sikuelewa. Baadaye niliuliza. Alikuwa akimwambia: mwezi huu.

Jambo moja nilikuwa nalo tangu wiki ya kwanza na sikulisema. Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, na nafasi kubwa tupu chini ya bati zima. Kama nusu ya pamba ile ingehamia kwangu, bibi angerudi ndani. Nililifikiria jambo hili kwa pande zote. Ofisa wa shirika akikutwa amelala na magunia ya pamba, nani ataamini kwamba si mfanyabiashara? Na nikijitolea, je, Mama Kulwa hataona aibu kwamba mgeni ameona shida yake? Na akikataa kwa heshima, nitajuaje kama amekataa kweli? Wao hawakuniomba. Walinipa chai isiyo na sukari pamoja na michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, na wakanifundisha kwamba unauma mchembe kwanza ndipo unapiga funda la chai, na utamu unakutana mdomoni. Jioni palikuwa na ugali na nsansa, majani ya kunde yaliyokaushwa na kuungwa kwa karanga. Nilikula vizuri mwaka ule kuliko nilivyokula Shinyanga.

Shija alikuwa kaka yake Mama Kulwa. Alikuja kutoka Kagongwa mwanzoni mwa Oktoba na mkokoteni wake wa ng'ombe wanne, akakagua nyasi za paa kwa kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kisha akanifuata kituoni nilikokuwa nimeketi na Petro. Alisalimia, akakaa juu ya jiwe, akaeleza kwa utulivu. Kijijini kulikuwa na mikokoteni minane, na wake ulikuwa wa tisa. Mpaka kwenye kinu ni mwendo wa siku mbili. Barabara ilikuwa kavu, ng'ombe walikuwa wamenona, na kazi ya shamba bado haijaanza. Wenye mikokoteni walikuwa wamekubaliana kusaidiana kama wanavyosaidiana kulima, leo kwako kesho kwangu, wala hawakutaka nauli ya shirika. Walitaka hati tu, maana pamba inayosafiri bila hati ni pamba ya magendo na mwenye nayo anakamatwa.

Nilitoa kitabu cha hati, tukakitazama wote watatu. Palikuwa na mstari wa jina la dereva, mstari wa leseni, na mstari wa namba ya gari.

"Hapa pa namba tutaandika nini?" nikauliza.

"Andika majina ya ng'ombe," alisema Shija. "Wanajulikana kuliko lori lenu. Yule mwekundu ni Sabuni. Yule mweusi ni Meneja."

Petro akauliza kwa nini Meneja.

"Akiuona mzigo analala."

Petro alicheka mpaka akaiangusha kalamu. Mimi sikucheka. Nilikuwa tayari nimeshaanza kufikiri.

Nilifikiri kwa siku nne. Nikijaribu leo kukumbuka nilichokuwa nafikiri, naona kwamba hakikuwa kitu cha kijinga, na hilo ndilo linalonisumbua. Niliuliza: kanuni inasema gari, je, mkokoteni ni gari? Una magurudumu mawili na unabeba. Lakini kama kanuni ingetaka mkokoteni ingesema mkokoteni. Nikiruhusu hapa, na kijiji kingine wakaruhusu, na pamba ikapotelea njiani, nani aliyeanza? Niliandika barua ya kurasa tatu kwa meneja wa kanda kuomba maelekezo, nikaituma kwa gari la misheni lililokuwa likienda Shinyanga, na nikahisi nafuu kubwa, kana kwamba pamba yenyewe imesafiri. Shija alipita kila asubuhi. Hakubembeleza. Siku ya tatu alisema tu kwamba siafu wameanza kuhamisha mayai yao. Siku ya nne bibi alikohoa kutwa nzima, na upande wa ziwa pakaonekana mawingu ya kwanza, membamba, kama moshi wa mtu anayepika mbali.

Nikasaini. Kwenye jina la dereva niliandika Shija na wenzake wanane. Kwenye leseni na kwenye namba ya gari nilipiga mstari mfupi, kama tulivyofundishwa kufanya penye swali lisilohusika. Nilijiona nimetumia akili. Mama Kulwa alisimama mlangoni akiangalia vyumba vyake vikitoka nje, gunia baada ya gunia, na mikokoteni ilipoondoka alikuwa ameshachukua fagio.

Nilikwenda nao. Mikokoteni tisa kwenye vumbi ni kitu kizuri kukitazama, na sijui kwa nini hakuna aliyewahi kuniambia. Walitembea bila haraka wakipigana utani kuhusu ng'ombe wa nani anajamba zaidi. Mmoja aliniuliza chuoni nilisoma nini. Nilimwambia uchumi, namna mali inavyotoka mahali ilipo kwenda mahali inapohitajika. Akatafakari, kisha akauliza kama kwa hilo inabidi kusoma miaka mitatu. Mchana wa siku ya pili tuliuona mnara wa kinu. Zamu mbili zilikuwa zimesimamishwa kwa kukosa pamba, na wafanyakazi walikuwa wamekaa kivulini wakicheza bao. Walipotuona walisimama. Nakumbuka baadhi yao walipiga makofi.

Karani wa mapokezi alikuwa mzee nadhifu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisoma hati mara mbili.

"Namba ya gari iko wapi?"

"Hakuna gari, ndugu. Ni mikokoteni. Ndiyo maana nimepiga mstari."

"Nauona mstari." Akanirudishia karatasi kwa mikono miwili, kwa adabu. "Mimi sikatai pamba, ndugu yangu. Pamba naitaka. Nakataa mstari. Kitabu changu cha mapokezi kina safu ya namba, na mkaguzi akija hatahesabu pamba, atahesabu safu."

Nilimwelewa. Nasema hivi kwa sababu watu waliosimulia habari hii baadaye, hata pale msibani, walimfanya kuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu mbaya. Mwenzake alikuwa amesimamishwa kazi mwaka uliotangulia kwa safu tupu. Aliniruhusu kutumia simu, nikamngoja opereta kwa muda mrefu, na hatimaye sauti ya meneja ikatoka Shinyanga kama inatoka ndani ya debe. Barua yangu ilikuwa imefika. Ilikuwa mezani kwake. Alikuwa anaifikiria.

"Hiyo hati umesaini wewe?"

"Ndiyo, ndugu."

"Basi andika maelezo kwa nini umesaini kabla ya maelekezo."

"Mvua inakuja, ndugu. Pamba iko nje ya geti."

"Ndiyo maana nasema uandike leo."

Niliandika. Niliketi kwenye kiti cha karani, nikaandika kurasa mbili, na nilikuwa naanza ya tatu niliposikia matone ya kwanza kwenye bati. Ghala la kinu lilikuwa hatua kama thelathini kutoka getini, tupu, limefagiliwa. Shija na wenzake walivua mashati, wakatandaza mablanketi yao na ngozi walizokuwa wanalalia, wakapanda juu ya magunia na kulala kifudifudi. Mtu hawezi kufunika pamba ya mkokoteni kwa mwili wake, lakini walijaribu. Mvua haikuwa ndefu. Ilikuwa ya Oktoba, ya kujaribu tu. Ilinyesha muda wa mtu kula na kunawa.

Asubuhi yule karani alikuja kuniita kando. Alikuwa amekosa usingizi. Nyuma ya kinu, alisema, kuna lori la shirika limewekwa juu ya mawe tangu mwaka juzi, halina matairi wala injini, lakini namba yake ipo na ni halali. Tungeandika ile. Nilikwenda nikalitazama. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Niliinakili namba kwenye hati, yeye akainakili kwenye kitabu chake, safu ikajaa, na geti likafunguliwa. Mikokoteni ikaingia. Kisha akaingiza mkono kwenye gunia la kwanza, akautoa, akaunusa, na uso wake ukabadilika. Kulikuwa na kanuni nyingine, na hii ilikuwa ya haki: pamba mbichi haipokelewi, inachemka ghalani na kuunguza nzuri. Tuliianika juani siku mbili. Ya juu ilikauka ikiwa ya njano, wakaipokea kama fifi. Iliyobaki, zaidi ya nusu, ilikuwa imeshapata joto ndani kama kinyesi cha ng'ombe. Tukageuza mikokoteni.

Mama Kulwa alikuwa ameshasiliba kuta za vyumba kwa udongo mpya. Bibi alikuwa ndani. Mama Kulwa aliyatazama magunia yaliyorudi. Nilikuwa nimetunga maelezo njia nzima, yenye utangulizi.

"Wapeni ng'ombe maji kwanza," alisema. "Wao ndio wametembea."

Pamba ile waliichambua wakatengeneza magodoro. Kijiji chote mwaka ule kililala kwenye magodoro mazito, manene, yenye harufu kidogo, na watu walitaniana kwamba sasa wanalala kama wakurugenzi. Mwezi uliofuata Shija alimpeleka Meneja na wenzake Rwamgasa, kubeba mawe ya dhahabu kutoka kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo hadi kwenye mawe ya kusagia. Nilipomuuliza huko wanataka hati gani, alisema hawaulizi namba, wanauliza jiwe lina mali au halina. Dhahabu ile nayo kwa sheria ilitakiwa kuuzwa kwa serikali. Haikuuzwa kwa serikali.

Nimesikia tangu wakati ule hotuba nyingi juu ya kwa nini tulianguka. Ukame, vita, bei ya dunia, wezi. Vyote vilikuwapo. Lakini mimi nilikuwa pale, na katika habari hii sikuona mwizi. Pamba ilikuwapo, ng'ombe walikuwapo, barabara, kinu, ghala tupu, watu waliotaka kufanya kazi bila hata kulipwa nauli. Kilichokosekana ni ruhusa, na ruhusa ilikuwa mali ya watu kama mimi, tulioogopa. Taasisi iliyojipa kazi yote lazima iwe na watu wasiokosea kamwe, na mtu asiyetaka kukosea kamwe ana njia moja tu, nayo ni kutofanya. Niliandika hivyo, kwa lugha ya adabu zaidi, katika ripoti yangu: waachiwe wenye mikokoteni wabebe, waachiwe na wengine wanunue. Ilirudishwa ikiwa na alama ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Miaka mingi baadaye milango ilifunguliwa, wakaja wanunuzi binafsi na mizani iliyochezewa, na wapo wanaoniuliza kama nimefurahi sasa. Nawajibu kwamba mwizi wa mizani unaweza kumhama ukaenda kwa mwenzake. Sisi wa shirika hatukuwa na mwenzetu.

Lakini mwaka ule ulikuwa haujaisha. Sheria ndogo ya wilaya ilimtaka kila mwenye kaya alime ekari moja ya pamba, apende asipende, na mwezi wa Novemba mbegu ziligawiwa. Mama Kulwa alipanga foleni akapokea zake, akaweka dole gumba. Siku mbili baadaye, nikiwa mezani kwangu chumbani asubuhi, nilisikia kutoka jikoni mlio wa kitu kinachokaangwa, na harufu nzito ya mafuta ambayo haikuwa ya karanga. Nilitoka. Alikuwa amechuchumaa mbele ya chungu kipana, akigeuza mbegu za pamba kwa mwiko, taratibu, bila kuziacha ziungue, ili rangi isibadilike. Aliniona. Nilimwamkia shikamoo, akajibu marahaba, akaendelea kukoroga. Alasiri alikwenda shambani na kuzipanda zote, kwa kamba, mstari kwa mstari, nafasi kama bwana shamba alivyofundisha.

Januari nilifuatana na bwana shamba kukagua. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri kuliko miaka mitatu iliyopita, na tulivuka vijito kwa kuvua viatu. Ekari ya Mama Kulwa ilikuwa imepaliliwa safi, mistari imenyooka, na hapakuwa na mche hata mmoja. Mashamba ya jirani zake watatu yalikuwa vivyo hivyo. Bwana shamba alichimbua kwa kidole, akapata mbegu, akaivunja, akaitazama, akanitazama mimi. Alikuwa mtu wa huko huko. Akanipa fomu akisema mimi ndiye mwenye digrii.

Mama Kulwa alikuwa ametuwekea viazi na maziwa ya mgando chini ya mti wa mnyaa uani. Nilikaa, nikaweka fomu gotini. Palikuwa na mstari wa sababu. Sikufikiri hata kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza katika utumishi wangu kalamu kwenda yenyewe.

"Umeandika nini, baba?" aliuliza Mama Kulwa.

"Nimeandika mvua haikutosha."

Alitazama miguu yangu, iliyokuwa na matope mpaka magotini, kwa muda mrefu. Kisha akaenda kuleta maji ya kunawa, akaanza na miguu.